Siku Niliyosema "Mukipenda"

Kiingereza nilikianza nikiwa na miaka arobaini na moja. Nilikuwa nafundisha Kifaransa katika sekondari moja ya Uvira, na wageni waliokuja kuangalia shule, ziwa na mito yetu walizidi kuwa watu wasiojua Kifaransa. Mkuu wa shule akaniita ofisini.

"Madamu, weye ni muntu wa lugha," akasema. "Ongeza hii moja."

Basi kila Jumamosi alasiri nilishika njia ya Kimanga, nikaingia katika chumba kilicho nyuma ya duka la fundi cherehani, ambako mwalimu wetu alikuwa ameegemeza ukutani ubao alioupaka rangi nyeusi kwa mkono wake. Alikuwa mwanamume mwembamba ambaye ujana wake wote ulipita katika kambi ya wakimbizi huko Tanzania. Kiingereza alikiokota huko, kwa wauguzi, kwa madereva, na kwa vitabu vilivyokosa majalada. Tulikuwa wanafunzi wanne: muuguzi, mchungaji, muuza vipuri vya simu, na mimi.

Mambo mengine aliyapitia mbio. Lakini vile vitenzi vidogo vinavyotangulia vitenzi vikubwa alivifundisha kama katekisimu. Alichora ngazi ubaoni. Juu kabisa akaandika "must". Chini yake "should". Kisha "can" na "may". Kwenye kipago cha mwisho, karibu na sakafu, akaandika "might".

"Hii ya juu," alisema, "ukiisikia, simama. Ile ya chini, ukiisikia, endelea na ugali wako."

Tulicheka. Niliinakili ngazi ile kwa kalamu ya bluu, na kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa lugha nilijiona nimeielewa kuliko wenzangu. Kifaransa kina neno la kulazimika na neno la kuweza. Waingereza, nilijiambia, wamekata tu vipande vingi zaidi, kama mtu anayekata mche wa sabuni. Vihusishi vyao, vile vineno vya mahali na wakati, "in", "on", "at", "by", nilivibeza kabisa. Mwalimu alipoviuliza nilibahatisha, na mara nyingi bahati ilikuwa upande wangu. Baada ya mwaka mmoja na nusu watu walianza kunisifu mjini. Mgeni akija, naitwa mimi.

Mtaa wetu umebanwa kama Uvira yote ilivyobanwa, mlima mgongoni na ziwa usoni. Miaka hii ziwa limepanda. Nyumba za chini zimeingia majini, michikichi imebaki imesimama ndani ya maji hadi ikanyauka, na watu waliokaa kule wamekimbilia juu wakajenga popote palipokuwa na nafasi. Nafasi ilikuwepo kando ya korongo la kijito chetu, chini ya ukuta wa mawe yaliyofungwa kwa waya ambao ulijengwa zamani kuyazuia maji ya mlimani yasiingie mtaani. Kila mtu alijua kwa nini mahali pale palikuwa patupu miaka yote. Hakuna aliyelisema.

Wawili kati ya waliojenga pale nilikuwa nawajua vizuri. Mmoja alikuwa bibi mzee aliyeanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani, juu ya vichanja vya matete. Alizaliwa Katogota, bunduki zikamtoa Katogota; akakaa ufukweni, ziwa likamtoa ufukweni. Mwingine alikuwa seremala, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye mke na watoto wawili. Alinitengenezea meza ninayoandikia hadi leo. Alikuwa mtu wa mzaha, na hata alipokuwa amebana misumari midomoni aliweza kukuchekesha.

Mwishoni mwa kiangazi akaja mhandisi. Shirika moja lilimtuma akague kuta za mito. Alikuwa mwanamke mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi, buti za matope, na sauti ndogo sana, sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Shefu wa avenyu, yaani yule anayeongoza barabara yetu, alikusanya watu, nami nikasimama kati yao na mgeni.

Kabla ya kusema lolote mhandisi alitembea kando ya ukuta kutoka mwanzo hadi mwisho. Katikati ukuta ulikuwa umetoa tumbo. Akaingiza mkono wake kati ya mawe, ukazama mpaka kiwikoni. Akautoa, akautazama mkono wake wenye udongo mbichi, ingawa mvua haikuwa imenyesha kwa miezi mitatu.

Kisha akawageukia watu, akatabasamu, akasema kwa sauti ile ile ndogo: "You might want to think about moving by the rains."

Kichwani mwangu ngazi ilisimama. "Might" ilikuwa kwenye kipago cha chini kabisa. Halafu "want", kutaka. Halafu "think", kufikiri. Na "by the rains", nikasema moyoni, ni pale pale kwenye mvua, karibu na mvua, wakati wa mvua. Nikapaza sauti:

"Anasema, mukipenda, munaweza kufikiri mambo ya kuhama, wakati wa mvua."

Minong'ono ya adabu ikapita. Bibi wa ndagala akasema, "Kama ni kufikiri tu, minye niko nafikiri kila siku, hata bila muzungu."

Wakacheka. Seremala akaongeza, "Mwambie aksanti sana. Mvua ikikuya, tutafikiri."

Wakacheka tena, na mimi nikacheka nao. Mhandisi hakucheka. Alinitazama mimi, akawatazama wao, akaniuliza kama wameelewa. Nikamjibu ndiyo. Akasema, "They really should," na uso wake ukabadilika rangi. Nikawageukia watu nikasema, "Anasema ni vizuri mufikiri." Shefu akamshukuru, tukapiga picha, gari likaondoka.

Wiki zilizofuata nilipita pale kila siku nikienda na kurudi shuleni. Kila asubuhi mke wa seremala alifagia kokoto zilizokuwa zimedondoka mlangoni usiku, na kila siku fungu lake lilikuwa kubwa kuliko la jana. Jua la mchana likichoma, waya wa ukuta ulilia, sauti nyembamba kama ya mlango unaosukumwa polepole. Mbuzi wa jirani waliacha kunywa maji upande ule. Mimi niliona yote hayo, nikajiambia kwamba mtaalamu alikuja, akaona, akasema "mukipenda". Kama kungekuwa na hatari, si angesema?

Siku moja, Alhamisi, shefu alinijia na karatasi.

"Bameandika," akasema. "Ni ile muzungu. Soma, utuambie."

Ilikuwa ukurasa mmoja. Sentensi ya tatu ilisema kwamba nyumba zilizo chini ya ukuta "should be relocated by the onset of the rains". Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa. Mtu yule yule, ukuta ule ule, lakini kwenye karatasi alikuwa amepanda vipago kadhaa juu ya alichokisema kwa mdomo. Nilimwambia shefu anipe hadi kesho, nikapanda moto, pikipiki ya kwanza niliyoiona, hadi Kimanga.

Mwalimu alikuwa peke yake, anakunywa chai. Akasoma karatasi, akaiweka mezani.

"Kwa mdomo alisema nini?" akaniuliza. "Neno kwa neno."

Nikamwambia.

"Akatabasamu?"

"Alitabasamu."

Akasukuma kikombe pembeni. Kisha akasema, "Nitakuambia kitu ambacho sijawahi kukifundisha. Kule kambini, mudogo wangu aliugua. Alikuwa na miaka minne. Tulimpeleka hospitali, tukangoja inje, minye na mama. Mimi ndiye niliyekuwa najua Kiingereza kidogo. Akatoka daktari muzungu, mutu mwema sana, akamwambia mama, 'You might want to sit down.' Nikamtafsiria mama: anasema ukitaka unaweza kukaa. Mama akajibu, 'Mwambie aksanti, sijachoka.' Akabaki amesimama. Ndipo daktari akatuambia mutoto amekufa."

Chai yake ilikuwa imepoa. Nje cherehani ya fundi ilikuwa inakwenda, inasimama, inakwenda.

"Mwalimu, na ile ngazi?" nikamuuliza.

"Ngazi ni ya kitabu. Ni ya kweli pia. Lakini hawa batu, wakiogopa kukuumiza, wanashuka mpaka chini kabisa. Jambo likiwa zito, ndiyo wanalishika kwa vidole viwili. Nilijua hivyo tangu siku ile." Akashika paji la uso. "Sikuandika ubaoni kwa sababu sikupenda kuikumbuka."

"Na 'by the rains'?"

Alinitazama kama mtu anayeomba nisijibu. "Uliwaambia nini?"

"Wakati wa mvua."

"Hapana, Madamu. Ni kabla. Mvua ya kwanza ikianguka, muntu awe amekwisha kutoka."

Nilirudi nimeshikilia mgongo wa dereva wa pikipiki, na upande wa kaskazini, juu ya uwanda wa Ruzizi, mbingu ilikuwa ya rangi ya risasi. Mfanyabiashara wa mchele aliyetoka Bwegera asubuhi ile alikuwa anawaambia watu barabarani kwamba kule mashamba yamekwisha kulowa.

Sikungoja kesho. Nilikwenda moja kwa moja kwa shefu, nikamwambia kwamba watu wa chini ya ukuta lazima watoke, leo au kesho.

Shefu hakuwa mtu mbaya. Alinisikiliza, kisha akasema, "Madamu, ile siku ulisema 'mukipenda'. Leo unasema 'lazima'. Muzungu alirudi?"

"Hakurudi."

"Sasa ni nani amebadilisha?"

"Ni minye. Nilikosea. Neno alilosema lilikuwa lazima, na minye nikalifanya mukipenda. Na alisema kabla ya mvua, si wakati wa mvua."

Nimesimama mbele ya madarasa miaka ishirini, na sijawahi kusema maneno magumu kama hayo. Shefu akanishika mkono, tukaenda nyumba kwa nyumba, na kila mlangoni nililazimika kuyarudia. Wengine walinitazama kwa huruma. Mwanamume mmoja aliniuliza kama shirika limetoa viwanja, ndiyo maana tunawaharakisha. Wengi walikuwa na swali moja tu: waende wapi?

Seremala ndiye aliyenisikia kwanza. Hakutania. Aliniuliza mara moja tu, "Uko hakika, Madamu?" Nikasema niko hakika. Jioni ile ile akampeleka mkewe na watoto kwa shemeji yake, mtaa wa mbali na korongo. Siku mbili zilizofuata familia kadhaa zilimfuata, na magodoro yao yakapita barabarani vichwani.

Bibi wa ndagala alikataa.

"Nilihama Katogota," akaniambia, huku akigeuza samaki kwa kiganja. "Nikahama kwa ziwa. Sasa mulima nayo inataka nihame? Mwambie muzungu wako akuye kunibeba."

"Mama muzee, muzungu hatakuya. Niko hapa minye."

"Basi beba weye," akasema, akacheka bila meno.

Nikaanza kumtembelea kila adhuhuri baada ya masomo, nikikaa naye kwenye kigogo, nikimbembeleza. Siku ya tano nilifika kwenye saa saba. Mjini kulikuwa na jua kali hata vichanja vya ndagala vilinuka. Lakini mlima haukuonekana. Tangu alfajiri wingu lilikuwa limeukalia, jeusi, halisogei, na mara kwa mara lilitoa mngurumo wa chini chini. Wanawake waliokuwa wanafua kwenye kijito walikuwa wamesimama wima na nguo mikononi.

"Maji yameisha," mmoja akaniambia.

Nilitazama. Kweli. Kijito kilichokuwa kinatiririka asubuhi kilikuwa kimebaki madimbwi, na samaki wadogo walirukaruka kwenye mchanga. Mvua ilikuwa inanyesha mlimani kutwa, na kwetu maji yamekatika. Huko juu kitu kilikuwa kimeziba njia, na maji yalikuwa yanajikusanya nyuma yake.

Ndipo niliposikia nyundo. Seremala alikuwa juu ya paa la nyumba yake, anang'oa misumari ya mabati. Alikuwa amerudi kuchukua paa lake ili aezeke mahali pengine.

"Shuka!" nikamwita. "Shuka sasa hivi! Maji yamekatika!"

Akanipungia mkono wenye nyundo. "Imebaki mbili, Madamu! Naweza kumaliza!"

Harufu ndiyo iliyotangulia, harufu ya udongo uliofukuliwa, kama ya kaburi jipya. Kisha ardhi ikaanza kutetemeka chini ya viatu vyangu. Sikumsihi tena bibi. Nilimkamata kiunoni, nikamkokota kupanda ukingo, naye akinipiga mgongoni kwa sababu ya samaki wake, hadi tukafika kwenye ngazi za kanisa dogo la juu. Wanawake wa kufua walikuwa wamekwisha kupanda mbele yetu, wanapiga kelele.

Niligeuka. Ukuta ulipasuka pale pale kwenye tumbo. Haukuanguka, ulifunguka, na mawe yakatoka kwanza, makubwa kama makabati, halafu maji ya rangi ya kahawa, halafu miti mizima na mizizi yake. Seremala alikuwa amesimama wima juu ya paa, bati moja mkononi, ameelekeza uso mlimani kama mtu aliyeitwa kwa jina. Nilimwona hivyo. Kisha paa halikuwepo.

Walimpata siku ya pili, chini, pale kijito kinapoingia ziwani. Ni yeye peke yake aliyekufa. Watu walisema ni muujiza, nyumba zote zile na mtu mmoja tu, na baadhi yao walinishukuru. Sikujua niweke wapi shukrani hizo.

Mhandisi alirudi siku ya tano ya matanga. Alikaa kwenye mkeka pamoja na wanawake, buti zake ameziacha mlangoni, akalia bila sauti. Mke wa seremala alikuwa mbele yetu, mtoto mdogo amelala mapajani mwake. Mhandisi akanigeukia mimi, akanishika bega, akasema kwa ile sauti yake ndogo: "You mustn't blame yourself."

Chini ya ukuta alituambia "might". Hapa, kwa kunifariji, alitumia lile neno la kumsimamisha mtu.

"Anasema nini?" mke wa seremala akauliza.

Ningeweza kumwambia chochote. Hakuna mwingine pale aliyejua Kiingereza.

"Ananiambia nisijilaumu," nikasema.

"Ujilaumu kwa nini?"

Alikuwa hajui. Siku ile mlangoni nilimkuta mumewe peke yake, naye hakumwambia kwamba mara ya kwanza nilikosea. Alimwambia tu kwamba Madamu amesema tuhame. Basi nikamweleza pale pale, mbele ya wanawake wote: alichosema mhandisi kiangazi, nilichokisema mimi, na tofauti iliyokuwepo. Nikamwambia kwamba kama ningesema sawasawa siku ile, wangekuwa na wiki nyingi za kuhama, na mumewe angeng'oa mabati yake polepole juani, bila haraka.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamtazama mhandisi, akanitazama mimi.

"Yeye alijua?"

"Alijua."

"Na kama alijua, kwa nini hakusema tu, tokeni?"

Nikamtafsiria mhandisi swali hilo, sawasawa, neno kwa neno. Alijifuta macho kwa kiganja. Mwishowe alisema kwamba hakutaka kuwaogopesha watu. Nikalirudisha jibu hilo kwa Kiswahili, nalo halikupunguza kitu chumbani mle. Mke wa seremala akaangalia chini, akamfunika mtoto wake miguu kwa kitenge.

"Enda, Madamu," akaniambia taratibu. "Enda na yeye. Batu wengine watabaki na minye."

Tukaondoka. Barabarani mhandisi aliniuliza kama mwanamke yule amekasirika. Nikamjibu ndiyo, kwa neno moja.

Baada ya arobaini mke wa seremala alirudi kwa wazazi wake, Bwegera, na sasa analima mpunga. Nilikwenda kumwona mara moja. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaniuliza habari za shule, na jina la mumewe hakulitaja hata kidogo, nami sikuthubutu. Bibi wa ndagala anakaa uani kwangu. Vichanja vyake vimeniziba njia ya choo, na nyumba yote inanuka samaki. Mwalimu ameifuta ngazi ubaoni. Shirika limeandika barua kwamba ukuta "may be rebuilt", huenda ukajengwa upya, na watu wameniuliza maana yake, nikawaambia kweli: hawajui wenyewe.

Nusu ya ukuta iliyobaki bado imesimama juu ya avenyu inayofuata. Wiki hii nimekwenda kuingiza mkono wangu kati ya mawe yake. Umezama mpaka kiwikoni, na kule ndani ni baridi, kuna majimaji. Chini yake nimehesabu moshi wa majiko tisa. Nimewaambia watoke, kwa Kiswahili, kwa Kifuliiru kidogo ninachokijua, kwa Kirundi cha kuazima. Wananisikiliza kwa heshima. Wanasema, ndiyo Madamu, tumesikia, na wanawake wanaendelea kumenya mihogo, huku upande wa mlimani wingu likianza kukaa.